Rudisheni Mlonge Sufuriani

Mlonge ni mboga. Nalisema hili mwanzo kabisa, tena kwa sauti, kwa sababu mtu akitaja mlonge leo hakuna anayekumbuka sufuria. Watu wanamkumbuka kijana aliyesimama katikati ya basi na kipaza sauti, mfuko wa mbegu begani, akihesabu maradhi kwa vidole: presha, sukari, vidonda vya tumbo, ganzi, figo, ini, uzazi, nguvu za kiume. Vidole vikimwishia anaanza upya. Kisha anatoa maelekezo kwa uhakika ambao hata daktari bingwa hana: mbegu tatu asubuhi, tatu jioni, tafuna, shushia na maji mengi, na zile dawa za hospitali ziweke pembeni kwanza. Abiria wanatoa noti. Kituo kinachofuata kijana anashuka, na mle ndani hakuna hata mmoja anayejua jina lake wala pa kumpata mambo yakiharibika.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mlonge ni chema, nasi tumeuacha utembezwe kama kibaya. Tumeuvua heshima yake ya chakula, tukauvika joho la uganga ambao hauuwezi. Wanaolipa gharama ya mchezo huu ni wagonjwa wetu: wazee wa presha, akina mama wenye kisukari, wajawazito, watu wanaomeza vidonge kila siku ili waone kesho. Nasema basi. Mlonge urudi sufuriani, na mgonjwa aachwe na dawa yake.

Tuanze na haki ya mti wenyewe. Asili yake ni chini ya milima ya Himalaya, kaskazini mwa India, lakini pwani yetu umeota kwa muda mrefu hata wengi wanadhani ulizaliwa hapa. Wengine wanauita mronge, wengine mzunze, na Wamijikenda wanaujua kama mzungwi. Ukikata tawi ukalichomeka ardhini linashika. Hauogopi jua wala mvua haba. Wakati mchicha umeungua bustanini na bei ya mboga sokoni imepanda, mlonge nyuma ya nyumba unachipua majani mabichi bila kumwagiliwa. Mti wa namna hiyo hauhitaji kusingiziwa miujiza. Kulisha familia wakati wa kiangazi kunatosha.

Anayetaka kujua mlonge unatumikaje, aulize jikoni. Majani yake ni madogo, yameshikamana na vijiti vyembamba ambavyo havilainiki hata ukivipika mpaka jioni, kwa hiyo kazi kubwa ni kuyapukusa. Funga matawi ndani ya kanga usiku kucha. Asubuhi ukiikung'uta, majani mengi yamekwisha kujiachia yenyewe. Osha kwa maji mengi, mara mbili au tatu, maana vumbi linajificha. Tia kwenye maji yanayochemka kwa dakika chache, ukipenda umwage maji ya kwanza kupunguza uchungu. Kaanga kitunguu na nyanya, tia majani na tui jepesi, yakikaribia kuiva mimina tui zito, ukoroge taratibu lisikatike. Mboga hiyo na ugali na kipande cha samaki ni mlo kamili ambao hakuna mganga anayeweza kuuboresha.

Wala si sisi peke yetu tuliogundua. Wahausa wa Nigeria na Niger wanayachemsha majani haya, wanayaita zogale, wanayachanganya na mashudu ya karanga yaliyosagwa, na akina mama wanayauza barabarani. Wafilipino wanayatia kwenye mchuzi wa kuku, hasa kwa mama aliyejifungua. India ya kusini hupika maganda mabichi ndani ya mchuzi wa dengu, kisha watu hunyonya nyama ya ndani na kutupa makapi. Huko Konso, kusini mwa Ethiopia, wanakula majani ya ndugu yake mlonge, aina nyingine yenye majani makubwa zaidi, pamoja na madonge ya unga wa mtama, na miti hiyo imepandwa mashambani na kwenye nyua zao. Angalia vizuri: jamii hizi zote zilizoishi na mti huu vizazi kwa vizazi ziliupa nafasi katika mlo. Ziliupika. Ziliula kwa kiasi cha mboga, pamoja na nafaka na kitoweo. Hakuna hata moja iliyomwambia mgonjwa wa sukari atupe insulini.

Sasa tuje kwenye namba, maana wauzaji wanapenda namba. Mmeliona bango lile: vitamini C mara saba ya chungwa, vitamini A mara nne ya karoti, kalsiamu mara nne ya maziwa, potasiamu mara tatu ya ndizi, protini mara mbili ya mtindi. Limebandikwa kwenye maduka ya dawa asili, linazunguka kwenye simu, na wengine wamelipeleka hadi madarasani. Mimi nawaomba mlipime kwa jedwali la vyakula la Idara ya Kilimo ya Marekani. Gramu 100 za majani mabichi ya mlonge zina vitamini C miligramu 52 hivi. Chungwa lina 53. Potasiamu ni miligramu 337; ndizi ina 358. Vitamini A ni mikrogramu 378. Karoti ina 835. Kalsiamu ni miligramu 185 dhidi ya 113 za maziwa, yaani zaidi kidogo ya mara moja na nusu. Ni kwenye protini tu ambako bango limesema kweli, tena limepunja: gramu 9.4, wakati mtindi wa kawaida una gramu tatu na nusu.

Vipimo hutofautiana kwa udongo, kwa umri wa jani na kwa namna ya kupima, na vipo vilivyotoa vitamini C nyingi zaidi ya hiyo. Lakini ujanja mkubwa wa biashara hii ni kupima unga mkavu, uliokwisha toa maji yote, kisha kuulinganisha na tunda au maziwa yaliyojaa maji. Kitu chochote ukikikausha, madini yake yatajaa ndani ya gramu chache. Na ni nani anayekula gramu 100 za unga wa mlonge? Kijiko cha chai kina gramu tatu hivi. Hata tukichukua namba inayotangazwa sana, ya miligramu 2,000 za kalsiamu katika gramu 100 za unga, kijiko hicho kinakupa miligramu 60, takriban moja ya tano ya glasi ya maziwa. Mama anayemtilia mtoto kijiko kwenye uji anafanya jambo jema. Mama aliyeambiwa kwamba kijiko hicho kinamtosha mtoto asipewe maziwa, yai wala dagaa, ameibiwa, na mtoto wake ameibiwa zaidi.

Sufuria inashinda hata kwa sayansi. Watafiti wa Kituo cha Mboga cha Dunia, ambao wana ofisi yao Arusha, walionyesha maabara kwamba kuyachemsha majani ya mlonge kunaongeza madini ya chuma yanayoweza kufyonzwa na mwili. Bibi aliyekuwa anachemsha mboga yake hakuwa anaharibu virutubisho kwa ujinga. Alikuwa anafanya sawasawa, kuliko huyu wa leo anayekoroga unga mbichi kwenye maji baridi kwa sababu mtu wa mtandaoni amemwambia moto unaua nguvu za mti.

Nije kwenye hatari, na hapa naomba msomaji asiruke hata mstari.

Mti huu si kitu kimoja. Jani ni chakula. Ganda bichi ni chakula. Mzizi ni jambo lingine kabisa. Magome ya mzizi wa mlonge yana alkaloidi zenye sumu, mojawapo ikiitwa spirochini, ambayo inaweza kupoozesha neva. Najua kuna wanaochimba mizizi na kuichemsha kwa ajili ya mgongo, kiuno na nguvu za kiume. Najua pia kwamba Waingereza waliokuwa India waliwahi kukuna mzizi huu na kuutumia kama kiungo cha ukali kwenye nyama. Ujasiri wao mezani haukuifuta sumu. Asiambiwe mtu kwamba kwa kuwa jani ni salama basi mti mzima ni salama. Muhogo tunaula kila siku, na bado tunajua uko muhogo mchungu usiogusa mdomo kabla ya kuandaliwa. Busara hiyo hiyo tuipeleke kwenye mlonge: mizizi na magome yabaki kwenye mti.

Mjamzito, hasa hasa. Huko India magome na mizizi ya mlonge yametumika tangu zamani kutoa mimba. Tafakari hilo, kisha mfikirie binti mwenye mimba ya miezi miwili ambaye hajamwambia mtu, anauziwa mchanganyiko wa mizizi, magome na unga ndani ya chupa moja, eti wa kusafisha damu. Hakuna karatasi iliyoeleza mle ndani kuna nini. Hakuna aliyemuuliza kama ana ujauzito. Majani yaliyopikwa kama mboga, kwa kiasi cha mboga, ni chakula ambacho wanawake wa nchi nyingi wamekila. Vidonge, unga wa kunywa kwa vijiko na maji ya mizizi ni dozi ambazo hazijathibitishwa kuwa salama kwa mimba. Mjamzito asiziguse.

Mbegu nazo. Hizi ndizo mfalme wa biashara ya mabasi, na ndizo zisizo na historia ya kuliwa kila siku kama dawa kwenye jamii zilizokaa na mti huu. Kazi ya mbegu inayojulikana na kuheshimika ni nyingine, na ni kazi kubwa: kusafisha maji. Wanawake wa Sudan kando ya Mto Nile waliyatuliza maji ya tope kwa mbegu zilizotwangwa, na kuanzia miaka ya 1970 mtafiti Samia Al Azharia Jahn akaichunguza elimu hiyo na kuiandikia dunia. Protini za mbegu hunasa chembe za tope, zikashikana, zikazama chini. Maji yanakuwa maangavu na vimelea vinapungua sana, ingawa havimaliziki, hivyo bado maji yachemshwe, tena yatumike upesi yasilale siku nyingi. Hiyo ndiyo elimu ya kumpa mtu wa kijiji kinachochota bwawani. Badala yake tunamuuzia mbegu zile zile kwa punje, atafune mpaka atapike, kisha tunamwambia kutapika huko ni sumu inatoka mwilini.

Hebu sasa tumtazame mzee mmoja, ambaye kila ukoo unaye. Ana kisukari, anameza glibenklamaidi asubuhi, na presha inamfanya ameze kidonge kingine. Mwanawe amemletea kopo la unga wa mlonge kutoka mjini, kwa upendo kabisa. Mzee anakunywa vijiko viwili kabla ya kula. Majani ya mlonge yana dalili za kushusha sukari na presha. Ndiyo maana sifa hizo zilianza. Lakini mzee tayari ana dawa inayoshusha sukari, tumbo halina kitu, na sasa ameongeza mkono wa pili unaovuta upande ule ule. Anatoka jasho, anatetemeka, macho yanaingia kiza, anaanguka bafuni. Nyumbani wanasema ni presha imepanda. Wanamwongezea kijiko cha tatu.

Na si yeye tu. Anayetumia dawa ya tezi ya shingoni anapaswa kumwambia daktari wake kabla ya kugusa unga huu, kwa sababu majaribio kwa wanyama yameonyesha jani la mlonge linaingilia homoni za tezi hiyo. Anayemeza wafarini ya kuzuia damu kuganda ajue majani ya kijani yana vitamini K inayovuta kinyume na dawa yake. Mwenye figo zilizochoka aogope potasiamu iliyojazana kwenye unga mkavu. Hata jani lenyewe, kwa mtu mmoja mmoja, linaweza kuleta mzio: mwaka 2018 madaktari wa Sri Lanka walichapisha habari za mwanamume aliyepata ugonjwa mkali wa ngozi uitwao Stevens-Johnson baada ya kula majani haya. Ni tukio la nadra sana, lakini anayeuza kitu kwa kauli ya kwamba hakina madhara yoyote kwa mtu yeyote, huyo anasema uongo.

Usafi nao tumeusahau. Unga unaouzwa kwenye vifuko visivyo na nembo umeanikwa wapi? Juu ya turubai kando ya barabara, kuku wakipita, moshi wa malori ukitua juu yake? Mwaka 2016 nchini Marekani watu 33 katika majimbo 23 waliugua salmonela baada ya kutumia unga wa lishe wa kiwandani, na wachunguzi wakafuatilia chanzo mpaka kwenye unga wa majani ya mlonge uliochanganywa humo. Hiyo ni nchi yenye maabara na wakaguzi. Sisi tunaonunua kifuko kilichofungwa kwa mshumaa tunajilinda na nini?

Wapo watakaonijibu kwamba natumika na kampuni za dawa, nadharau tiba za mababu. Nawajibu bila kupepesa macho: mababu hawakuuza mbegu kwenye mabasi. Mganga wa kijiji alimjua mgonjwa wake, alijua ukoo wake, na mgonjwa akizidiwa alijua mlango wa kugonga. Anayedharau tiba asili ni huyu anayeichuuza bila kipimo, bila jina na bila anwani. Tanzania tunayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Namba 23 ya mwaka 2002, na tunalo baraza lililoundwa kuisimamia. Sheria hiyo iliandikwa kwa kuheshimu tiba asili. Anayeikwepa ndiye msaliti wa tiba asili.

Wapo pia watakaosema sayansi imethibitisha mlonge unatibu kisukari. Haijathibitisha. Utafiti wa mwaka 2018 miongoni mwa Wasaharawi wanaoishi kwenye kambi za wakimbizi uliona kwamba gramu 20 za unga pamoja na chakula zilipunguza kupanda kwa sukari baada ya mlo. Utafiti wa Thailand wa mwaka 2017 uliwapa wagonjwa gramu nane kila siku kwa wiki nne na haukuona tofauti kwenye sukari yao. Tafiti zote mbili zilihusisha watu wachache. Hiyo ni sababu nzuri ya kufanya utafiti mkubwa zaidi. Kumwambia mgonjwa atupe vidonge kwa ushahidi wa namna hiyo ni kumcheza shere.

Nchi hii ilikwisha pata somo. Mwaka 2011 umati wa watu ulimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500 kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile. Wapo waliotolewa wodini wakapakiwa kwenye magari. Wapo walioacha dawa za UKIMWI (ARV). Viongozi nao walikwenda kunywa, na kwa wengine waliokunywa na kurudi nyumbani bila dawa, kilichofuata kilikuwa msiba. Hatuna kisingizio cha kurudia jambo lile polepole, kifuko kwa kifuko, basi kwa basi.

Basi nataka nini? Nataka Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) na Shirika la Viwango (TBS) waingie stendi na sokoni, na si kusubiri malalamiko ofisini. Bidhaa ya mlonge isiyoandikwa ni sehemu gani ya mti, imetengenezwa lini na nani, iondolewe. Tangazo linalomwambia mgonjwa aache dawa za hospitali lichukuliwe kama kosa, na redio iliyopokea fedha zake iwajibike pamoja na mtangazaji. Nataka wahudumu wa kliniki za sukari na presha wamuulize kila mgonjwa, kwa upole na bila kumgombeza, ni mitishamba gani anatumia. Mgonjwa anayeogopa kukaripiwa ataficha, na anayeficha ndiye tunayempoteza.

Nataka shule zenye uji wa mchana zipande mlonge kwenye mipaka ya viwanja, watoto wajifunze kupukusa majani na kuyapika na maharage. Nataka mkulima auze majani mabichi sokoni kwa mafungu, kama matembele na kisamvu, apate riziki halali kwa kitu halali. Anayetaka unga aukaushe mwenyewe kivulini, kwenye chekecheke safi, auhifadhi mkavu, autie kijiko kwenye uji au mchuzi, basi.

Na wewe mwenye mgonjwa nyumbani, usisubiri serikali. Leo hii fungua kabati, toa makopo na vifuko vyote visivyo na jina, mpeleke mgonjwa wako kliniki navyo mkononi, umwambie daktari kila kitu. Mzizi na magome tupa. Mbegu weka kwa ajili ya kupanda. Vidonge vyake avimeze kwa saa yake. Majani chuma, pika, mle wote mezani pamoja naye, kwa sababu ana haki ya kula mboga nzuri na kupata tiba ya kweli, vyote viwili, na hakuna mfanyabiashara mwenye ruhusa ya kumlazimisha achague kimoja.